Mashine inayorudia sauti na deni la nyimbo za Mto Tana

MAMA anayembembeleza mtoto katika kijiji cha Wapokomo kandokando mwa Mto Tana hahitaji kufunzwa maana ya marudio. Huanza kwa mlio mfupi, akaurudia, akautia neno jipya, akaurudia tena, kisha akaupunguza polepole hadi mtoto ashikwe na usingizi. Wimbo ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali hakuna mzunguko mmoja unaofanana kabisa na uliotangulia.

Kwa muhtasari, hiyo ndiyo kazi inayofanywa na kijisanduku cha chuma ambacho wanamuziki wa leo hukiweka sakafuni na kukikanyaga kwa mguu. Wenyewe hukiita lupu, yaani kitanzi cha sauti, kwa kuwa hunasa sauti na kuizungusha pasipo kukoma. Ndugu yake wa karibu ni dilei, kifaa kinachoichelewesha sauti na kuirejesha baada ya muda uliowekwa. Vikitumiwa pamoja, viwili hivi humwezesha mtu mmoja kusimama jukwaani peke yake na kujenga muziki unaokua mbele ya hadhira, tabaka juu ya tabaka, mithili ya kwaya iliyoingia ukumbini mtu mmoja mmoja.

Mwingereza Ed Sheeran alitumbuiza kwa njia hiyo katika uwanja wa Wembley jijini London mnamo Julai 2015. Kwa usiku tatu mfululizo aliujaza uwanja huo akiwa na gita na pedali zake tu, bila bendi nyuma yake.

Je, vifaa hivi hufanyaje kazi? Vinaweza kumfaa nini mwimbaji wa Garsen, Ngao au Minjila? Na sauti inaponaswa na kuzungushwa, ni nani mwenyewe? Swali hili la mwisho si dogo katika Kaunti ya Tana River, eneo ambalo sauti zake mbili mashuhuri ziliondoka zamani na wenyewe wangali wanazililia.

Mwangwi uliofugwa

Msingi wa dilei ni mwangwi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu akipiga kofi mbele ya ukuta ulio mita 17 kutoka alipo, sauti itaenda na kurudi katika muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukuta ukiwa mita 170, mwangwi utachukua sekunde nzima. Uwanda wa Garsen, ambao ni tambarare hadi upeo wa macho, hauna majabali ya kurudisha sauti kwa kiasi hicho. Dilei humpa mwanamuziki jabali analoweza kulisogeza mbele au nyuma kwa kugeuza kitufe.

Vitufe vinavyohusika hasa ni viwili. Cha kwanza huamua muda wa kuchelewa, na cha pili huamua ni kiasi gani cha sauti iliyorudi kitarejeshwa tena ndani ya mashine ili kirudi mara nyingine.

Muda wa kuchelewa hupatikana kwa hesabu nyepesi. Dakika moja ina milisekunde 60,000. Ngoma ikipigwa kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 600. Mwanamuziki akiweka dilei yake kwenye milisekunde 600, kila mlio utarudi juu ya pigo linalofuata. Akiweka 450, yaani robo tatu ya pigo, mlio utaanguka katikati ya mapigo na kuzaa mdundo wa pili ambao hakuna mkono ulioupiga.

Kitufe cha pili ndicho kinachotenganisha dilei na lupu. Marudio yakiwekwa kwenye asilimia 80, kila mzunguko hubakisha asilimia 80 ya nguvu ya mzunguko uliotangulia. Baada ya mizunguko mitano, sauti ya kwanza itakuwa imebakia na takriban theluthi ya nguvu zake. Baada ya mizunguko 10, itabakia karibu asilimia 11, sawa na mnong'ono. Marudio yakiwekwa kwenye asilimia 100, sauti haifi kamwe, na hapo kitanzi kimezaliwa.

Kutoka kanda hadi pedali

Wengi hudhani kwamba elimu hii ilianzia Ulaya au Marekani. Hata hivyo, mmoja wa watangulizi wake ni Mwafrika. Mwaka 1944, mwanamuziki wa Misri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akarekodi sauti za wanawake katika sherehe ya zari, kisha akazigeuza na kuzirefusha studioni hadi zikawa kitu kipya. Ni ibada ya ngoma za pepo ambayo watu wa mwambao wa Afrika Mashariki nao wanaifahamu.

Mwaka 1963 Mmarekani Terry Riley, akiwa jijini Paris, alisaidiwa na fundi Mfaransa kuunganisha vinasa sauti viwili kwa kanda moja. Mashine ya kwanza ilirekodi, kanda ikavuka hadi mashine ya pili iliyoisoma, na sauti ikarudishwa kwenye mashine ya kwanza ili irekodiwe upya pamoja na sauti mpya. Umbali kati ya mashine hizo ndio uliokuwa kipimo cha muda. Katika mtambo wa namna hiyo, kanda inayokwenda sentimita 19 kwa sekunde huhitaji mashine zitengane kwa takriban mita 1.9 ili sauti ichelewe sekunde 10.

Waingereza Brian Eno na Robert Fripp walitumia mtindo huo huo katika albamu waliyoitoa mwaka 1973. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri. Mashine zilikuwa nzito, kanda ilichakaa, na kuhama kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kulikuwa kama kuhamisha nyumba.

Teknolojia ya dijitali iliondoa kanda na kuweka kumbukumbu ya kompyuta mahali pake. Sauti hupimwa mara nyingi kila sekunde na vipimo huhifadhiwa kama tarakimu. Kwa kiwango kinachotumika katika sidii, vipimo ni 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikihitaji baiti mbili. Dakika moja ya sauti ya mkondo mmoja basi huhitaji baiti milioni 5.3. Kiasi hicho si kitu leo, lakini zamani kilikuwa mali. Ndiyo sababu pedali ya Boss DD-2, iliyotolewa mwaka 1983, haikuweza kuchelewesha sauti kupita milisekunde 800, ilhali kampuni hiyo hiyo ilipotoa pedali yake ya vitanzi RC-20 mwaka 2001, ilikuwa na nafasi ya zaidi ya dakika tano.

Tabaka kama tope la mafuriko

Matumizi ya pedali ya vitanzi ni mepesi kueleza, japo si mepesi kuyamudu. Mwimbaji hukanyaga mara moja na mashine huanza kunasa. Hukanyaga mara ya pili na kitanzi hufungwa. Urefu wa kitanzi huwa umeamuliwa na miguu yake, wala si na mashine. Akikanyaga mara ya tatu, kila atakachoimba kitalala juu ya kilichotangulia.

Chukulia mwimbaji anayeanza kwa kupiga makofi, akayafunga katika kitanzi cha sekunde nane. Juu yake anaweka mvumo mzito wa kifuani. Anafuatisha kiitikio, kisha kiitikio cha pili kilicho juu kidogo. Katika muda wa sekunde 40 hivi, amejipatia waitikiaji, naye yuko huru kughani. Muundo huu si mgeni kwa wakazi wa Tana. Nyimbo nyingi za eneo hilo, ziwe za ngoma ya mwaribe ya Wapokomo, za mashamba ya mpunga au za makanisani, husimama juu ya mwanzishi na waitikiaji.

Kasoro ya kitanzi kisichokufa ni kwamba huchosha haraka. Kikirudi mara ya ishirini bila mabadiliko, hadhira huacha kukisikia. Wanaoujua ufundi huu hutegemea mbinu mbili.

Ya kwanza ni kukiacha kitanzi kizeeke. Marudio yakipunguzwa kidogo, kila tabaka hufifia huku jipya likiingia. Kitanzi cha sekunde nane chenye marudio ya asilimia 80 hubeba alama ya sauti ya kwanza kwa muda wa sekunde 80 hivi kabla ya kuisahau. Mkulima wa Garsen angelielewa jambo hili upesi, kwani ndivyo mto wake unavyofanya. Mafuriko huleta tope jipya na kulitandaza juu ya la zamani, maji yakipwa mpunga hupandwa, na msimu unaofuata tope jingine huja. Shamba ni lile lile, ila udongo wa juu hauwi ule wa mwaka juzi.

Mbinu ya pili ni kuzungusha vitanzi visivyolingana urefu. Kitanzi cha sekunde saba na kingine cha sekunde 11 vikianza pamoja, vitakutana tena mwanzoni baada ya sekunde 77. Kikiongezwa cha tatu chenye sekunde 13, vyote vitatu havitakutana hadi zipite sekunde 1,001, karibu dakika 17. Katika muda wote huo msikilizaji husikia sauti zile zile tatu, lakini zikipangika kila mara kwa namna tofauti. Eno aliijengea albamu nzima juu ya hesabu ya aina hiyo mwaka 1978.

Hapa pia Afrika si mwanafunzi. Mmarekani Steve Reich, aliyekuwa ameanza kuchezea vitanzi vya kanda mwaka 1965, alisafiri hadi Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma. Alikuta kwamba wapigaji wa huko walikuwa na mapigo mafupi ya urefu tofauti yanayozunguka kwa pamoja, kila mmoja akishika lake, na muziki mzima ukizaliwa katika kupishana kwao.

Ngoma haziingoji mashine

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba pedali itatoshea popote ilimradi kuna umeme. Tatizo kubwa kwa ngoma za mwambao ni kwamba mashine haina masikio. Wapigaji wanapopandwa na mori huongeza mwendo, na wachezaji huutarajia mwongezo huo. Kitanzi hakiongezi.

Mfano utaonyesha uzito wa jambo hili. Kitanzi cha mapigo 16 kilichonaswa kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika huchukua sekunde 9.6. Wapigaji wakipanda hadi mapigo 104, ongezeko ambalo hakuna hata mmoja wao atakayeligundua, watamaliza mapigo yale yale 16 kwa sekunde 9.23. Pengo ni sekunde 0.37 kwa kila mzunguko. Mizunguko miwili ikimalizika, watakuwa wameiacha mashine nyuma kwa zaidi ya pigo zima, na ngoma itakuwa imevurugika mbele ya watu.

Ufumbuzi upo. Baadhi ya wanamuziki humwekea mpiga ngoma spika yake mwenyewe, au vifaa vya masikioni, ili aisikie mashine kabla ya kuwasikia wenzake. Wengine huepuka kunasa kitu chochote chenye pigo, wakazungusha sauti za kuvuta pekee, kama vile mvumo wa koo au mlio wa zumari, na kuziacha ngoma ziende zitakako. Njia hii ya pili ndiyo inayoelekea kufaa zaidi pale ngoma ndizo zenye mamlaka.

Tatizo jingine ni kipaza sauti. Kikiwekwa karibu na spika, hunasa sauti inayotoka humo, na lupu huiweka kwenye kitanzi pamoja na ya mwimbaji. Kila tabaka likiongezwa, uchafu nao huongezeka, hadi mlio mkali ufunike kila kitu. Spika zinapaswa kuwa mbele ya mwimbaji, zikielekea hadhira, na kipaza sauti kiwe karibu na mdomo.

Kuhusu umeme, pedali nyingi huhitaji volti tisa tu na hula nguvu kidogo mno, hivyo kwamba betri ndogo inayochajiwa kwa sola huweza kuiendesha jioni nzima. Kinachohitaji jenereta au nyaya za stima ni spika. Joto na vumbi ni maadui wengine, kwani swichi ya kukanyagwa ikiingiwa na mchanga hukwama, na kitanzi kisichofungika kwa wakati ni kitanzi kilichoharibika.

Programu za simu za mkononi nazo hufanya kazi hii bila gharama kubwa. Zinafaa kwa kujifunzia. Jukwaani, hata hivyo, simu nyingi huchelewa kidogo kati ya kupokea sauti na kuitoa, na ucheleweshaji wa milisekunde 30 tu humfanya mwimbaji ahisi kana kwamba mtu anamvuta shati kutoka nyuma.

Sauti mbili zilizoondoka

Afrika Mashariki tayari ina watu walioonyesha njia. Msafiri Zawose wa Tanzania, mwana wa marehemu Hukwe Zawose, aliziunganisha zeze na marimba za Wagogo na mitambo ya kielektroniki katika albamu yake ya mwaka 2017, Uhamiaji. Nchini Kenya, Joseph Kamaru, anayefahamika kama KMRU na ambaye ni mjukuu wa mwanamuziki mkongwe wa jina hilo aliyefariki mwaka 2018, amejipatia sifa ulimwenguni kwa muziki uliojengwa kwa sauti za mazingira zinazorudiwa na kubadilika polepole.

Mwaka 2022, Kamaru alitoa kazi iliyotumia sauti za Waafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kazi hiyo iliuliza swali ambalo wakazi wa Tana wanalijua kwa undani: sauti ikishanaswa na kupelekwa mbali, inarudije kwa mwenyewe?

Sauti ya kwanza kuondoka Tana ni ya Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyokuwa chini ya ulinzi wa wazee na ambayo mlio wake uliwaita watu kwenye sherehe na ibada. Maafisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza waliitwaa mwaka 1902. Tangu mwaka 1908 imo mikononi mwa British Museum jijini London, ambako imewekwa ghalani miaka nenda miaka rudi. Viongozi wa jamii hiyo wamesafiri hadi huko kuiona na wameomba irudishwe.

Sauti ya pili inajulikana na kila Mkenya. Mnamo 1963, jopo la watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilitayarisha wimbo wa taifa kwa lahani ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Aliyewapa lahani hiyo ni Mzee Meza Morowa Galana. Wimbo wa mama ambao haukuwa na mwisho maalumu ulifungwa katika beti tatu, na tangu Desemba 12, 1963, huimbwa kila siku ya sherehe za kitaifa. Jamii yake imelalamika kwa miaka mingi kwamba heshima na fidia aliyostahili mzee huyo havikutolewa ipasavyo.

Sheria na ridhaa

Tofauti kati ya mwaka 1963 na leo ni kwamba wakati huo ilihitajika serikali nzima kuuchukua wimbo wa kijiji. Sasa inahitajika pedali moja. Mgeni anaweza kuketi Ngao jioni moja, akanasa kiitikio cha sekunde nane, na kufikia asubuhi kitanzi hicho kikawa kinazunguka katika klabu ya Nairobi au Berlin. Mtu aliyeimba huenda asijue kamwe.

Kisheria, kuna ngao. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, inayotaka jamii itoe ridhaa baada ya kuelezwa vilivyo. Sheria hiyo huzipa serikali za kaunti jukumu la kusajili mali hiyo mashinani, huku Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikitunza kumbukumbu za kitaifa.

Usajili huo una haraka katika Tana. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 yaliwatoa maelfu ya watu vijijini mwao. Kijiji kinapohamia kambini, waitikiaji hutawanyika, na mwanzishi hubaki na wimbo usio na wa kuuitikia. Hapo ndipo mashine huweza kuwa msaada au hasara. Kijana wa Garsen akiitumia kuhifadhi viitikio vya wazee wake, kwa ruhusa yao na kwa majina yao, atakuwa amewajengea waitikiaji hao mahali pa kurudia. Akiitumia ili asihitaji tena kuwaita, ataibaki na mwangwi wa watu asiowajua.

Kwa hivyo kabla ya mguu kukanyaga pedali, kuna hatua ambayo hakuna kiwanda kilichoiwekea kitufe: kumwendea mwenye wimbo, kumweleza kinachokusudiwa, na kungoja jibu lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.